Kombeo: Kamba Inavyorefusha Mkono

Mpunga unapoanza kukomaa, mlinzi wa shamba hupanda dunguni. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu ili mtu alione shamba lote, na watu wa bonde la Rufiji wamezoea kuhamia humo msimu wa mpunga. Adui mkubwa wa wakati huo ni ndege. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Mmoja si kitu. Lakini kundi la ndege milioni moja, na makundi ya ukubwa huo yapo, hula tani 10 kati ya macheo na machweo. Kuwafukuza huitwa kuamia, na miongoni mwa zana za kuamia tangu zamani ni kombeo: kamba, kipande cha ngozi au cha ukili, na jiwe.

Kombeo lililotundikwa ukutani ni rahisi kulidharau. Halina chuma, halina mpini, halina hata kipande cha mti. Ukilikunja linaingia mfukoni. Ndiyo maana nimelichagua. Silaha nyingine za kurusha zilizotengenezwa kwa vitu vya porini, kama rungu na mkuki wa mti mtupu, zinaonyesha uwezo wake kwa macho. Kombeo halionyeshi kitu. Anayetaka kulielewa hana budi kufuata hoja zake moja baada ya nyingine, na hoja ya kwanza si ya kamba bali ni ya mkono.

Binadamu hurusha vizuri kuliko mnyama yeyote. Sokwe ana misuli yenye nguvu kutuzidi, lakini akirusha jiwe halina kasi wala shabaha ya kutisha. Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Neil Roach, ulioonyesha kwamba tofauti kubwa iko begani. Mtu anapovuta mkono nyuma, kano za bega hunyooshwa na kuweka akiba ya nishati. Mkono unapofyatuka kwenda mbele, akiba hiyo hutoka kwa ghafla, kama tawi lililopindwa kisha likaachiwa. Watafiti hao walikadiria kwamba maumbile yote yanayohitajika kwa urushaji wa namna hii yalikutana pamoja katika mwili wa binadamu takriban miaka milioni 2 iliyopita.

Hata hivyo mkono una kikomo, na kikomo hicho ni urefu wake. Fikiria gwaride linalogeuka kona. Askari aliye ndani kabisa ya mstari hupiga hatua fupi, karibu asimame. Aliye nje kabisa hulazimika kukaza mwendo, ingawa mstari mzima unageuka pamoja. Kitu kinachozunguka hufuata kanuni hiyohiyo: kadiri kilivyo mbali na kitovu cha mzunguko, ndivyo kinavyokwenda kasi zaidi kwa mzunguko uleule. Umbali huo kutoka kitovuni huitwa nusukipenyo. Bega ndilo kitovu, kiganja ndicho askari wa nje, na jiwe lililomo kiganjani haliwezi kwenda kasi kuliko kiganja chenyewe.

Kutoka hapo mtengenezaji wa silaha ana njia mbili. Ya kwanza ni kuuacha mkono kama ulivyo na kukiboresha kile kinachorushwa. Ya pili ni kuurefusha mkono.

Rungu na mkuki wa mti viko katika njia ya kwanza, na naweza kuvieleza kwa ufupi. Rungu zuri la kurusha halichongwi kwenye gogo lolote. Fundi hutafuta mti mchanga wenye kinundu, mara nyingi pale shina linapokutana na mzizi, kwa sababu hapo nyuzi za mti hazijanyooka. Zimepishana na kujikunja, hivyo kichwa hakipasuki kinapogonga. Shina lililonyooka linakuwa mpini, na uzito unakusanyika upande mmoja. Likirushwa, rungu huzunguka angani, na kichwa, kwa kuwa ndicho kizito, huwa na pigo kubwa popote kinapotua. Mti wenyewe huchaguliwa kwa uzito. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na miti ya namna hiyo hubeba pigo kubwa katika umbo dogo.

Kuhusu mkuki wa mti mtupu, kuna jambo moja ambalo wengi tumelipokea bila kulipima, nalo ni kwamba ncha ikichomwa motoni huwa imara zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walijaribu hilo kwa mti wa aina moja na kukuta kwamba moto huongeza ugumu wa juu kidogo tu, huku ukiufanya mti uwe mwepesi kuvunjika. Faida ya moto, kwa maoni yao, inawezekana ilikuwa katika kuchonga: mti uliobabuliwa hukwanguliwa upesi hata kwa jiwe. Hiyo haimaanishi kwamba wazee hawakujua walichofanya. Mikuki iliyofukuliwa Schöningen, Ujerumani, ambayo umri wake umekadiriwa kati ya miaka 200,000 na 300,000, ilichongwa kwa namna ambayo ncha inatoka kwenye sehemu ya chini ya mti, penye ugumu mkubwa. Aliyeichonga alikuwa akichagua.

Sasa tuje kwenye njia ya pili, ya kuurefusha mkono. Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa. Kombeo, ambalo wengine huliita teo, si manati. Manati ni ule mti wenye panda mbili unaofungwa mipira, na nguvu yake hutoka kwenye mpira uliovutwa. Mpira wa kufaa kazi hiyo ulipatikana baada ya Charles Goodyear kugundua namna ya kuupika na salfa, akapewa hataza ya ugunduzi huo mwaka 1844. Kwa hiyo manati haiwezi kuwa na umri unaozidi karne mbili, na picha za vitabu vya watoto zinazomwonyesha Daudi akimlenga Goliathi kwa manati zinakosea kwa miaka karibu 3,000. Kombeo halihifadhi nishati yoyote. Halivutiki na halifyatuki. Kazi yake ni moja tu, kuongeza urefu.

Lina sehemu nne. Katikati pana sehemu pana inayolishika jiwe. Hapa nitaiita kikoba. Kutoka kila upande wa kikoba hutoka kamba, na kamba hizo mbili ni sawa kwa urefu. Ncha ya kamba moja ina kitanzi kinachovishwa kidoleni, ili kombeo lisimtoke mrushaji. Ncha ya kamba ya pili ina fundo, linaloshikwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Jiwe hukaa kikobani, mrushaji huzungusha, kisha huliachia fundo. Kamba moja inabaki kidoleni, ya pili inakwenda, kikoba kinafunguka, jiwe linatoka.

Tupige hesabu nyepesi ili tuone kile ambacho urefu huo unaleta. Chukua mkono wa sentimita 70, na mzunguko wa mara 3 kwa sekunde. Kiganja kitakuwa kikienda kwa kasi ya mita 13 hivi kwa sekunde. Ongeza kombeo la sentimita 80, ili nusukipenyo kiwe mita 1.5, kwa mzunguko uleule. Kasi ya jiwe inafika mita 28 kwa sekunde. Hesabu hii imerahisishwa kwa makusudi, kwa maana mkono wa kweli hauzunguki kama ubao mmoja; bega, kiwiko na kifundo cha mkono hupokezana. Lakini uwiano unabaki: urefu umezidi kidogo mara mbili, na kasi nayo vivyo hivyo.

Hapo ndipo jambo linapokua. Umbali ambao jiwe huruka, tukiuweka kando ukinzani wa hewa, hauongezeki sawasawa na kasi. Huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukizidisha kasi kwa 2, umbali unazidishwa kwa 4. Jiwe la mita 13 kwa sekunde, likirushwa kwa pembe nzuri, lingefika mita 18 hivi. La mita 28 lingefika karibu mita 80. Nishati ya pigo hufuata kipeo hichohicho: jiwe la gramu 100 kwa kasi hiyo hubeba jouli 40, zinazotosha kabisa kumvunja mtu fuvu. Ndiyo maana anayejifunza huachwa peke yake katikati ya uwanja mtupu, na hakuna anayesimama nyuma yake akidhani kwamba nyuma ni salama.

Hadi hapa tumezungumza kama kwamba kamba yoyote itafaa. Je, yafaa? Tuanze kwa kuuliza inabeba kiasi gani. Jiwe linalozunguka hutaka kwenda moja kwa moja, na kamba ndiyo inayolizuia, kwa hiyo kamba inavutwa. Kwa jiwe letu la gramu 100 katika kasi ya mita 28 kwa sekunde, mvuto huo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 5. Ni mara 50 ya uzito wa jiwe, lakini kwa kamba si mzigo mkubwa. Kamba ya katani ya unene wa penseli humbeba mtu mzima. Hata ugwe mwembamba ungelivumilia jiwe hilo.

Basi ikiwa nguvu si tatizo, kwa nini watu walichagua nyuzi kwa uangalifu? Jibu liko katika kurefuka. Kila kamba ikivutwa hurefuka kidogo kabla ya kukatika, na nyuzi hazilingani katika jambo hilo. Usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, hurefuka sana, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya urefu wake. Tabia hiyo ni neema kwenye chombo cha bahari: mtepe, lile jahazi la kale la pwani yetu, ulishonwa kwa kamba za usumba, na kamba hizo zililegea na kukaza pamoja na mbao wimbi lilipoupiga. Kwenye kombeo, tabia hiyohiyo ni hasara. Kamba inayorefuka humfanya mrushaji asijue jiwe liko wapi hasa wakati wa kuliachia. Kinachotakiwa ni uzi usiorefuka, na hapo katani inashinda, kwa kuwa hurefuka kidogo sana.

Mkonge unaotoa katani yetu si mwenyeji. Ulitoka Meksiko, na mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida iletwe nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Kabla ya hapo watu walisokota kamba kwa mimea ya porini ya jamii ya sansevieria, yenye majani manene yaliyosimama kama mikuki, ambayo nyuzi zake zilifaa hata kwa upinde. Walitumia pia gome la ndani la mbuyu, mti wenye sifa isiyo ya kawaida: ukichunwa kwa kiasi huotesha gome jingine na kuendelea kuishi. Wanawake wa Ukambani wamesuka vyondo kwa nyuzi hizo za mbuyu kwa vizazi. Palipo na mikindu, ukindu uliolowekwa maji na kusukwa nao hutoa kamba bapa na laini. Kila mahali pana jibu lake. Wachungaji wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, walisuka makombeo kwa sufu ya llama na alpaka, kwa kuwa hiyo ndiyo waliyokuwa nayo.

Kutoka jani hadi kamba kuna hatua ambazo haziwezi kurukwa. Jani la mkonge hupondwa, kisha hukwanguliwa kwa ubao au kisu butu hadi nyama ya kijani itoke. Maji yake huwasha ngozi, basi hufanywa kwa tahadhari. Zinazobaki ni nyuzi, kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Kilo moja ya majani huacha gramu 40 za katani. Kwa kiwanda hiyo ni hesabu ngumu, kwa kombeo moja inatosha. Nyuzi huoshwa, huanikwa, na huchanwa.

Kusokota ndiko kunakostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna fikra kubwa iliyofichwa na mazoea. Nyuzi za katani hazizidi mita moja hivi, na huwezi kuziunga kwa gundi wala kwa fundo. Msokotaji hugawa nyuzi katika mafungu mawili. Kila fungu hulipindisha kulia kwa kulisugua pajani. Kisha huyazungusha mafungu hayo mawili, moja juu ya jingine, kuelekea kushoto. Kila fungu linataka kujisokotoa lirudi lilikotoka. Lakini likijisokotoa, linazidi kumkaza mwenzake. Pande mbili zinazotaka kufunguka zinazuiana. Na kamba ikivutwa, nyuzi hubanana zaidi, msuguano kati yake ukaongezeka, hivyo nyuzi fupi zikafanya kazi ya uzi mmoja mrefu. Ili kuirefusha, nyuzi mpya huchomekwa kidogo kidogo kabla zile za zamani hazijaisha, na huchomekwa kwa zamu, isije miungo miwili ikakutana mahali pamoja. Hakuna kilichofungwa popote, na bado kamba inashika.

Kamba iliyosokotwa hivyo ina kasoro moja kwa kombeo: ikining'inizwa na mzigo huelekea kuzunguka yenyewe. Kikoba kikizunguka, jiwe humwagika. Ndiyo sababu makombeo mazuri mengi husukwa badala ya kusokotwa. Kusuka ni kupisha mafungu matatu au zaidi kama nywele, na kamba iliyosukwa haina upande inaotaka kuelekea. Makombeo yaliyokutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, ni ya kitani kilichosukwa. Yalidumu kwa sababu ya ukavu wa jangwa. Nchi zetu zenye mvua na mchwa hazihifadhi kamba kwa ukarimu huo.

Kikoba nacho kina masharti mawili yanayogombana. Kinatakiwa kilikumbatie jiwe lisidondoke wakati wa kuzunguka, na kinatakiwa kiliachie mara moja bila kulikwaruza. Kikiwa na kina kirefu, jiwe hukawia kutoka; kikiwa bapa, huanguka mapema. Ngozi laini iliyokatwa kwa umbo la jani, upana wake ukiwa kidogo zaidi ya jiwe, hufanya kazi zote mbili. Wasukaji wengine huacha mwanya katikati ya kikoba, na jiwe likilala hapo pande mbili hulibana. Mwisho hufanywa jaribio dogo: tia jiwe, shika ncha zote mbili kwa pamoja, na utazame kama kikoba kimelala sawa. Kikiinama upande mmoja, kamba mojawapo ni ndefu, na hakuna ustadi wa mkono utakaosahihisha hilo.

Urefu unafaa uwe kiasi gani? Kutokana na hesabu yetu mtu angesema mrefu kabisa. Lakini kombeo refu huzungushwa polepole zaidi, hutaka nafasi, na kosa dogo la kuachia huonekana zaidi. Watu wa visiwa vya Balearic, katika Bahari ya Mediterania, walikuwa mashuhuri kwa kombeo wakati wa Karthago na Roma, na waandishi wa kale, akiwemo Strabo, waliandika kwamba kila mtu wao alibeba makombeo matatu ya urefu tofauti: refu kwa shabaha ya mbali, fupi kwa ya karibu, na la kati. Jamii iliyolijua kombeo kupita nyingine zote haikuamini kwamba upo urefu mmoja ulio bora. Nalipa uzito jambo hilo kuliko hesabu yoyote ya ubaoni.

Jiwe linaonekana kuwa sehemu isiyo na taabu. Kinyume chake, ndiyo sehemu inayokula muda. Hewa huzuia kitu kwa kadiri ya eneo la uso wake wa mbele, na kasi hudumu kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo kinachotafutwa ni uzito mwingi katika umbo dogo. Jiwe la mtoni la gramu 100, lililo mviringo, lina kipenyo cha sentimita 4.2 hivi. Tonge la udongo mkavu la uzito huo litakuwa na karibu sentimita 4.8. Risasi, madini yenyewe, ingekuwa na sentimita 2.6 tu, na Wagiriki na Warumi waliiyeyusha na kuimwaga katika kalibu kwa sababu hiyo. Umbo pia lina neno lake: jiwe lenye kona hukamata kikobani na kupinda njiani, ndiyo maana mawe laini ya kijitoni hupendwa.

Kuna sharti lingine ambalo asiyewahi kurusha hulisahau, nalo ni kufanana. Mkono hujifunza uzito mmoja. Ukirusha jiwe la gramu 60, kisha la 150, kisha la 90, kila rusho ni la kwanza. Katika ngome ya kale ya Maiden Castle, kusini mwa Uingereza, wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta rundo la mawe laini ya ufukweni zaidi ya 20,000, yaliyobebwa kutoka pwani iliyo mbali. Mtu hasafirishi mawe kwenda kwenye kilima ambacho kina mawe yake, ila awe anajua anachokitaka. Pale Hamoukar, Syria, vilikutwa vijitonge vya udongo vya kombeo zaidi ya 1,000, vya karibu miaka 5,500 iliyopita. Udongo ni mwepesi kuliko jiwe, lakini una fadhila hiyo ya kufinyangwa kwa kipimo kimoja.

Mwishowe ni kuachia. Jiwe likiachiwa halitoki likiendelea kuzunguka. Hushika mstari ulionyooka, ule unaougusa mduara mahali lilipokuwa wakati huo. Mstari huo huitwa tanjiti. Kwa mizunguko 3 kwa sekunde, jiwe hupita digrii 1,080 katika sekunde moja, yaani karibu digrii 11 katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukichelewa kiasi hicho kufungua kidole, kwa shabaha iliyo mita 30 mbele yako, utakosa kwa karibu mita 6. Akili haiwezi kuamua kwa upesi huo. Ni mwili unaoamua, na mwili hufundishwa kwa maelfu ya marudio tangu utotoni. Waandishi haohao wa kale walisimulia kwamba mama wa Balearic hakumpa mwanawe mkate hadi aupige kwa kombeo. Iwe ni kweli au ni sifa zilizotiwa chumvi, hesabu ya sehemu moja ya mia ya sekunde inaeleza kwa nini habari hiyo iliaminika.

Sasa tukumbuke kasoro zote tulizozitaja, maana zote zinakutana hapa. Kamba inayorefuka hubadilisha wakati wa kuachia. Kikoba kinachozunguka, fundo linalokwama kidoleni, mawe yasiyolingana: kila kimoja hula kipande cha ile sehemu moja ya mia. Ukiyaona hivyo, uteuzi wa nyuzi, wa ngozi na wa mawe haukuwa urembo. Ulikuwa ni kumwondolea mrushaji kila kitu kinachobadilika, ili kibaki kidole chake peke yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na desturi ya kuziita silaha hizi duni. Neno hilo hupima kitu kilichobaki mkononi, na kombeo likibaki mkononi ni gramu chache za nyuzi. Maarifa yake yalikuwa kwingine: katika kujua mmea upi hukwanguliwa na upi huchunwa, katika paja la msokotaji, katika mto ambao mawe yake hulingana. Nakubali kwamba bunduki inamfikisha asiye na mazoezi mahali ambapo kombeo lilitaka miaka kumi. Hilo linaonyesha taabu ilikohamia, kutoka kwa mtumiaji hadi kiwandani. Halionyeshi kwamba aliyekuwa na kombeo alijua kidogo.

Wasiwasi wangu ni kuhusu ushahidi. Katika bonde la Olduvai kuna mawe ya mviringo ya zamani sana, na wachimbaji wake, akina Leakey, walipendekeza kwamba huenda yalifungwa kamba na kurushwa miguuni mwa wanyama. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba jiwe la kwatsi likitumiwa kama nyundo kwa muda mrefu hujiviringa lenyewe, na maelezo hayo naona yana nguvu zaidi. Lakini hatuna kamba ya wakati huo ya kuamua, wala hatutakuwa nayo, mchwa hawaachi. Hasara ya namna hiyo inaendelea hata leo bila mchwa. Mtoto anayelinda mtama akishika manati ya mpira wa tairi hana haja ya kujua mbuyu huchunwaje.

Na bado kombeo lina jambo shambani ambalo manati haina. Ncha iliyoachiwa ikirudi kwa kasi hutoa mlio mkali kama wa mjeledi, na ndege huruka kabla jiwe halijatua. Mlinzi anayejua kazi yake hufinyanga vitonge vya udongo wa kichuguu na kuvianika juani siku moja au mbili kabla. Ni vyepesi, na haviendi mbali kama mawe. Ila vikianguka kati ya mpunga huvunjika, mvua ikaviyeyusha, na msimu wa kulima jembe likipita hapo halikuti kitu.